Koili Ikae Wapi? Mahali pa Koili na Urefu wa Waya wa Cheche katika Gari la Mashindano

Katika gereji za Malindi, hasa zile zilizopangana kandokando ya barabara iendayo Lamu, ukimuuliza fundi wa magari ya zamani mahali pa kufunga koili, kifaa kinachouzidisha umeme wa betri mpaka uweze kuruka kama cheche, atakujibu bila kusita kwamba iwe karibu na distribyuta, yaani kigawanyaji kinachopelekea kila silinda cheche yake kwa zamu, kadiri inavyowezekana, kwa sababu waya mrefu hula moto wa cheche. Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni, nimelirudia mwenyewe mbele ya vijana, na kwa miaka mingi sikuona haja ya kulichunguza. Lina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo umechanganyika na mambo mengine yenye uzito kuliko urefu wenyewe, na mtu anayeandaa gari la mashindano akilishika jibu hilo kama lilivyo anaweza kuifunga koili mahali pabaya kabisa, huku akiamini ametenda jema.

Swali hili halijapitwa na wakati. Magari mapya ya mbio yana koili juu ya kila plagi na hayana waya mrefu wa kujadiliwa, lakini mashindano ya magari ya zamani, kama Safari Classic inayofanyika nchini mwetu tangu 2003, yamerudisha barabarani injini za kontaki (swichi ndogo inayofunga na kukata umeme wa koili) na distribyuta, na pamoja nazo maswali ambayo mafundi wa mbio za kwanza za Safari za mwaka 1953 waliyajua kwa vidole vyao.

Tuanze na koili yenyewe. Ni nyuzi mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma: uzi mnene wenye mizunguko mia moja au mia mbili hivi, na uzi mwembamba kama unywele wenye mizunguko inayokaribia mara mia ya hiyo. Umeme wa betri hupita katika uzi mnene na kujenga uga wa sumaku. Kontaki zinapofunguka ghafla uga ule huporomoka, na kuporomoka kwake ndiko kunakozaa msongo mkubwa wa umeme, yaani volti nyingi, katika uzi mwembamba. Kanuni hiyo ilionyeshwa na Michael Faraday mwaka 1831, na Charles Kettering akaifanyia kazi hadi ikaingia katika magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910. Tangu hapo mambo mengi yameboreshwa, ila msingi ni ule ule.

Fundo la kwanza liko katika namna tunavyozungumza. Watu husema "koili ya volti 40,000" kana kwamba volti hizo zinakaa humo zikingoja kutumwa. Koili inatunza nishati. Nishati hiyo ikiachiliwa, msongo hupanda kutoka sifuri hadi ufike mahali ambapo mchanganyiko wa hewa na petroli ulioshindiliwa kati ya ncha mbili za plagi hauwezi tena kuuzuia, na hapo cheche huruka. Injini ikizunguka bila mzigo, volti 7,000 au 8,000 zinaweza kutosha. Dereva akikanyaga mafuta mpaka chini, silinda zikajaa na kushindilia kwa nguvu zaidi, plagi ile ile inaweza kudai volti 20,000 na kupita. Kinachotuhusu, basi, ni kilele ambacho msongo ungekifikia kama cheche isingeruka mapema. Kilele kikiwa juu ya dai la plagi, silinda inawaka. Kikiwa chini yake kidogo tu, silinda inakosa moto, na hakuna hali ya katikati. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima siku nzima mjini, kisha likaanza kukohoa mara tu linapotakiwa kutoa nguvu zake zote.

Kilele hicho kinategemea mambo mawili: kiasi cha nishati kilichowekwa katika koili, na ukubwa wa kile nitakachokiita mtungi, yaani nafasi ya chaji inayopaswa kujazwa kabla cheche haijaruka. Rafiki yangu mmoja, fundi mwenye mkono mzuri sana, aliwahi kuniambia, "Bwana, umeme ni kama maji ya mfereji, ukirefusha bomba, presha yashuka." Mfano huo ndio unaotupoteza, kwa sababu unatufanya tufikiri kwamba waya unapunguza msongo kwa kuukinza. Hebu tuhesabu. Waya wa kaboni wenye ukinzani wa omu 10,000, ukipitisha mkondo wa cheche wa miliampea 50, unakula volti 500. Hicho ni kidogo mbele ya volti 20,000, na tena hutokea baada ya cheche kuwaka; wakati msongo unapanda, mkondo unaopita ni mdogo mno, na ukinzani huo karibu hauna la kusema. Unapunguza kiasi nguvu ya cheche baada ya kuwaka, ndiyo, lakini hauizuii kuruka.

Waya unafanana zaidi na mtungi kuliko bomba. Kipande chochote cha waya kilicho karibu na chuma cha gari kinashika chaji, na uwezo huo wa kushika chaji hupimwa kwa pikofaradi. Uzi mwembamba wa koili una wake, rota inayozunguka ndani ya distribyuta na kifuniko chake vina wao kidogo, plagi ina wake, na waya nao unaongeza. Mtungi wote lazima ujae hadi kina fulani ndipo cheche iruke. Nishati iliyojaza mtungi haipotei yote, kwa kuwa sehemu yake humwagika katika cheche yenyewe mwanzoni kabisa. Lakini mtungi mkubwa huteremsha kilele na kuchelewesha upandaji, na upandaji ukichelewa, plagi yenye masizi hupata muda wa kuvujisha chaji kabla ya cheche kuruka.

Sasa fundo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: ukubwa wa mtungi huo hautegemei urefu peke yake. Unategemea sana umbali kati ya waya na chuma. Waya wa cheche uliopita hewani, sentimita 5 kutoka chuma chochote, unashika kadiri ya pikofaradi 10 hadi 20 kwa kila mita. Waya ule ule ukilazwa juu ya bati la gari unafika kwenye 60 hivi. Ukiingizwa katika bomba la chuma linaloubana, unapita 100. Kwa hiyo sentimita 10 zilizofichwa katika bomba zinaweza kumgharimu mwenye gari kuliko nusu mita iliyotundikwa vizuri.

Nilijifunza hayo kwa gari langu, la zamani, lenye silinda nne. Lilikuwa likienda vyema asubuhi. Kila nilipolipeleka ng'ambo ya daraja la Sabaki na kulisukuma katika njia ya Marafa, baada ya nusu saa ya jua la mchana lilianza kukatakata likikaribia mizunguko 6,000 kwa dakika. Jioni likipoa, linapona. Koili ilikuwa imefungwa ubavuni mwa injini, upande wa manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba ya kutolea moshi, kwa nia njema ya kuufanya waya mkuu, ule utokao koili hadi distribyuta, uwe mfupi. Haukuzidi sentimita 25. Nilisimama kando ya barabara, nikagusa kasha la koili kwa mgongo wa kidole na kuuondoa papo hapo. Nikachomoa nyaya zake mbili ndogo na kuupima uzi mnene kwa mita: omu 3.8. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, mita ile ile ilikuwa imesoma omu 3.0.

Tofauti hiyo ina maelezo yake. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo shaba iliyotoka digrii 30 za asubuhi ya Malindi na kufika karibu na 100 inaongeza zaidi ya robo ya ukinzani wake. Kwa volti 13.8 za gari linalotembea, mkondo wa juu kabisa unaoweza kupita unashuka kutoka ampea 4.6 hadi ampea 3.6. Nishati ya koili inafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo ampea moja iliyopungua haihesabiki kama moja.

Ila haitoshi kuishia hapo, kwa sababu katika kasi kubwa koili haipewi muda wa kujaa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 5, na kontaki zinakuwa zimefunga kwa milisekunde 3 hivi kati ya hizo. Tukiipa koili milihenri 8, kipimo cha uwezo wake wa kutunza nishati katika uga wa sumaku, ambacho ni cha kawaida kwa aina hiyo, hesabu inatoa hivi: ikiwa baridi na imepewa muda wa kutosha, inahifadhi karibu milijuli 85, ikiwa baridi katika mizunguko 6,000, inabaki na 39, na ikiwa moto katika mizunguko hiyo hiyo, inabaki na 30. Kasi imekwisha kula zaidi ya nusu kabla joto halijafika, kisha joto linakuja kuchukua karibu robo ya kilichosalia. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unasubiri mambo mawili yakutane, mchana na mwendo wa kasi, na ndiyo maana kulijaribu gari uwani kwa gereji hakukuonyesha chochote.

Nikaihamisha koili. Niliifunga kwenye madigadi, mbali na ekzosi, mahali panapopata upepo wa grili. Waya mkuu ukaongezeka kwa sentimita 30. Kwa kuogopa mawe na kusugulika, niliupitisha katika kipande cha bomba la alumini nilichokata kutoka katika antena kuukuu ya televisheni, na bomba nikalifunga kwa boliti kwenye bati. Kazi ilikuwa safi, ya kupendeza macho. Siku iliyofuata gari lilikosa moto hata asubuhi.

Wenzangu waliona hilo kuwa ushahidi wa mwisho kwamba urefu ndio adui, na kwa siku mbili nami nilikubali. Kisha nikakaa na kalamu. Kilele cha msongo, bila kuhesabu hasara nyingine, ni kipeuo cha pili cha nishati mara mbili ikigawanywa kwa uwezo wa kushika chaji. Chukua pikofaradi 100 kwa mfumo mzima wa mwanzo, wenye waya mfupi na koili moto ya milijuli 30: kilele kinakuwa karibu volti 24,700. Ipoze koili ifike milijuli 39, lakini ongeza pikofaradi 35 za zile sentimita 30 ndani ya bomba: kilele kinashuka hadi karibu volti 23,900. Nilikuwa nimeipa koili ubaridi na papo hapo nikainyang'anya faida yote kwa kipande cha antena. Sasa ondoa bomba, utundike waya ule ule, wenye urefu ule ule, sentimita 5 kutoka chuma: nyongeza inakuwa pikofaradi 5 tu, na kilele kinapanda hadi karibu volti 27,100. Katika injini halisi hasara zinateremsha tarakimu zote tatu, lakini mpangilio wao haubadiliki.

Nilikata vipande vinne kutoka katika ubao wa plastiki wa kukatia nyama, nikavitoboa, nikavifanya vigingi vya kuushika waya mbali na bati. Gari likaenda Marafa na kurudi saa saba mchana bila kukohoa.

Hivyo basi, anayetafuta mahali pa koili na aanze na joto, kisha afikirie njia ya waya, na urefu auweke wa tatu. Ikiwa mahali pa baridi panapatikana karibu na distribyuta, heri. Waya mfupi una faida zake, kwa maana una nafasi chache za kuchubuka na unatoa kelele chache za umeme. Lakini kuipika koili juu ya ekzosi kwa ajili ya kuokoa sentimita 30 ni biashara mbaya.

Mtu akilazimika kurefusha kitu, ni heri zaidi arefushe nyaya za msongo mdogo, zile zinazoleta umeme wa betri kwenye koili. Nyaya za shaba za milimita za mraba 2.5, zikienda mita 3 na kurudi mita 3, zina ukinzani wa kadiri ya omu 0.04, na kwa ampea 4.6 zinapoteza volti 0.2 hivi. Hasara kubwa zaidi mara nyingi imejificha katika swichi kuukuu na katika waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, uliofungwa juu ya rangi. Pima volti kwenye kichwa cha koili kontaki zikiwa zimefunga, si kwenye betri, na mara nyingi utapata jibu kabla hujanunua kifaa chochote. Kondensa, hata hivyo, isihamishwe pamoja na koili: ibaki pale pale kwenye kontaki, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia kontaki zisirushe cheche zinapofunguka, na waya mrefu kati yao unaichelewesha.

Gari lenye kompyuta ya kuongoza injini linaongeza sharti jingine. Cheche inapoanza, chaji iliyo katika waya humwagika kwa muda wa nanosekunde chache, na kama hakuna ukinzani wa kuibana, mkondo wake wa ghafla unaweza kufika makumi ya ampea. Mshtuko huo unasambaa hewani kama wimbi la redio na kuingia katika waya wa kihisi cha krenki, kinachohesabu meno ya gurudumu linalozunguka na injini, na kompyuta ikadhani imeona jino ambalo halipo. Wapo vijana wanaonunua nyaya za shaba tupu wakiamini kwamba zinaleta moto mkali zaidi. Katika gari la kontaki zinaweza kupita, ila katika gari la kompyuta wanajitafutia ugonjwa usio na jina. Waya wa kaboni au ule wenye uzi mwembamba uliozungushwa kama springi, pamoja na plagi zenye kikinza ndani yake, ambazo kwa kawaida huwa na herufi R katika namba zake, zinaibana kelele hiyo. Na koili, popote ikaapo, isifungwe jirani na kompyuta, wala waya wake usilazwe sambamba na waya wa kihisi. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Nyaya za plagi zenyewe nazo zina ujirani wa hatari. Injini nyingi za silinda nne zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, maana yake silinda ya 3 inafuatwa na ya 4, ambayo ni jirani yake. Wakati ya 3 inawaka, pistoni ya 4 iko chini, silinda imejaa mchanganyiko mpya, na shinikizo bado ni dogo kiasi kwamba cheche hafifu inaweza kuruka. Nyaya hizo mbili zikifungwa pamoja kwa mkanda kwa urefu wote, waya mmoja unaweza kuuamsha mwingine, na silinda ikawaka kabla ya wakati wake. Nimeona wengi wakizifunga hivyo kwa ajili ya unadhifu. Zitenganishwe kwa upana wa vidole viwili.

Kuhusu mtikisiko nitasema machache. Koili ya mafuta isimamishwe wima, ili mafuta yafunike nyuzi na hewa iliyomo ibaki juu; ikifungwa kwenye injini moja kwa moja, mtikisiko wa mbio unaweza kukata uzi mwembamba ndani bila dalili yoyote kwa nje. Koili iliyojazwa utomvu mgumu inavumilia mtikisiko zaidi. Katika mbio za masafa marefu ni busara kuifunga koili ya pili kando ya ile ya kwanza, tayari kubadilishiwa nyaya.

Lakini kwetu pwani kuna chumvi, nayo inastahili neno zaidi. Anayeishi kati ya Malindi na mashamba ya chumvi ya Gongoni anajua jinsi upepo wa kusi unavyoacha utando mweupe juu ya vioo vya gari. Utando ule ule unatanda juu ya kifuniko cha distribyuta, shingo ya koili na mipira ya plagi. Mchana, ukiwa mkavu, hauna madhara. Alfajiri unafyonza unyevu na kuwa njia ya umeme, na umeme ukipita humo mara kadhaa unaunguza kihami na kuacha mstari mweusi wa kaboni ambao hauondoki kwa kufuta. Kila niendapo kwenye jaribio naosha sehemu hizo kwa maji matamu, nazikausha, na kupaka grisi ya silikoni ndani ya mipira. Kadiri waya unavyokuwa na viungio vichache, ndivyo chumvi inavyokosa pa kuingilia, na hii kwangu ni hoja yenye nguvu ya kutumia waya mmoja mzima hata kama ni mrefu, badala ya kuunganisha vipande viwili.

Usiku wa kwanza baada ya kufunga vile vigingi vya plastiki nilizima taa zote za uwani, nikafungua boneti injini ikiwa inazunguka, nikangoja macho yazoee giza. Mwanga hafifu wa samawati, dalili ya umeme unaovuja, ulionekana mahali pamoja tu, pale waya mkuu ulipopita karibu na klipu ya chuma niliyokuwa nimeisahau kwenye bati. Nilizima injini, nikaing'oa klipu, nikawasha tena. Pakawa giza.